Jina la Mtoto wa Bupe

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, ni hii ya juzi ya simu za mkononi, palikuwa na hospitali ndogo kwenye vilima vya chai. Akiba ya damu haikuwa nayo. Ilikuwa na tovuti: majina mia nane ya watu waliokubali kutoa damu, makundi yao ya damu na namba zao za simu. Tovuti ilikaa kwenye seva ya kukodi, mji wa mbali.

Aliyeitengeneza ni Lugano, fundi wa kompyuta. Aliyeandikisha majina ni mama Atuganile, karani wa masjala. Kila Ijumaa mama huyu alinakili faili zote za tovuti kwenye flashi, akaitia mkobani. Wenzake walimcheka. Akanakili.

Jumanne moja asubuhi Lugano akasema, "Mama, leo naweka toleo jipya. Muuguzi ataandika kundi la damu tu, majina yatatokea yenyewe."

"Ngoja Jumapili, mwanangu."

"Dakika kumi tu, mama."

Akaanza kupandisha faili: kurasa, picha, programu, orodha, zote mchanganyiko. Zilipofika nusu, mtandao wa hospitali ukakatika. Kwenye seva zikabaki nusu mpya, nusu za zamani, na hazikuelewana. Orodha ikafutika. Tovuti ikawa nyeupe tupu.

Saa hiyohiyo Bupe, aliyekuwa amejifungua mtoto wa kike, alikuwa anavuja damu. Kundi lake ni O hasi, adimu. Muuguzi akafungua tovuti kwa simu yake. Nyeupe. Akapiga simu: "Lugano, mgonjwa anatuponyoka!"

Mama Atuganile akatoa flashi. Lugano akawasha mtandao wa simu yake, akarudisha faili zote za zamani. Majina yakarudi, lakini mia nane, bila mpangilio wa makundi! Kuyasoma yote ni nusu saa, na Bupe hakuwa na nusu saa. Lugano akachukua faili moja tu ya toleo jipya, ile ya kutafutia, akaiongeza kwenye zile za zamani. Muuguzi akaandika kundi. Likatokea jina moja: Subilaga, mchuma chai.

Subilaga alipigiwa simu akiwa shambani. Msimamizi akamwambia, "Ukiondoka leo, kesho usirudi." Akatua kikapu, akaondoka. Damu yake ikapimwa, ikatolewa, ikaingia kwa Bupe. Bupe akafumbua macho.

Siku ya saba Bupe akawaita wote watatu. "Mwanangu atachukua jina la aliyeniokoa. Kwetu somo, yule ambaye mtoto huitwa jina lake, ni mmoja tu. Semeni."

Mama Atuganile akasema, "Miaka mitatu nimechekwa kwa flashi hii. Bila nakala yangu, lisingepatikana jina hata moja."

Lugano akasema, "Niliharibu, sikatai. Lakini bila faili yangu ya kutafutia, muuguzi angekuwa bado anasoma majina, na wewe unakata roho."

Subilaga akasema, "Kompyuta mimi sizijui. Niliitwa, nikaja. Kazi sina tena, na damu iliyo mwilini mwako ni yangu."

Bupe akawatazama mmoja mmoja, akamtazama mtoto, akashindwa kuchagua.

Nyinyi mliosikia yote, msaidieni mama huyu. Je, nani alistahili kuwa somo wa mtoto?