Wifi Wawili na Bahari Iliyotoka

Ndugu zangu, kulikuwa na mkulima wa mwani. Shamba lake lilikuwa baharini: vigingi, kamba, na kungoja maji yatoke ndipo afanye kazi. Aliyepakana naye alikuwa wifi yake, na mwaka wa saba huo walikuwa hawasemezani, kisa kigingi kimoja kilichosogezwa. Mnacheka? Kwenu hamna kigingi?

Asubuhi moja ardhi ikatikisika kidogo, kisha bahari ikatoka mbali mno. Wanawake wote wakakimbilia miambani kuchokoa pweza, kama ilivyo desturi maji yakitoka hivyo. Wifi yake ndiye aliyefika mbali kuliko wote. Lakini yule mkulima alihesabu siku za mwezi kwa vidole, akaona ni siku za maji mafu, ambazo bahari haitoki mbali. Akapaza sauti, "Jamani, rudini. Haya si maji ya leo."

"Nenda wewe," mmoja akamjibu, "utuachie pweza wetu."

Angeweza kupanda kilimani peke yake, na nani angemlaumu? Mama yule akashuka. Mimi namvulia kofia. Akawapita wote mpaka kwa wifi yake, akamshika mkono. "Wifi, twende juu."

Wifi akamtazama, akalitupa kapu. "Wewe kunisemesha mimi, basi kuna jambo kubwa."

Wenzao walipowaona hao wawili wanarudi wameshikana mikono, hawakuuliza tena, walitimua mbio. Bahari iliporudi na kufagia mashamba yote, kila mmoja wao alikuwa kilimani.

Wajuzi wanatuambia wimbi lile halianzii ufukweni. Linaanzia chini ya sakafu ya bahari, mahali ambapo mwamba mmoja mkubwa unajipenyeza chini ya mwingine, kisha yote miwili inakwama. Inasukumana kimya miaka na miaka, huku juu maji yametulia. Siku inapoachia, sakafu inaruka na bahari yote iliyo juu yake inanyanyuka.

Na sisi je? Si tunao watu tuliokwama nao hivyo, tukiulizwa tunasema hatuna neno, kwa kuwa juu kumetulia? Ile miamba hakuna anayeweza kushuka kuisemesha. Ndugu yako unamfikia kwa miguu. Jina lake umeshalikumbuka, nakuona ulivyoinama. Tukitoka hapa, anzia kwake kabla hujaenda kula.