Kalunguyeye Agombea Udiwani

Ngano nianze?
— Anza, tumekaa!
Chumvi niongeze?
— Ongeza, tumezoea!
Na nikidanganya?
— Tutajua, tutanyamaza!

Haya. Huko Uingereza palikuwa na manispaa iitwayo Brindlebury. Mvua yake ni ya rasharasha, haiishi wala hainyeshi ikakolea. Kila nyumba ina bustani nyuma, kila bustani ina uzio wa mbao, na mbele ya kila nyumba pana pipa la taka lenye magurudumu. Wenye nyumba walikuwa na baraza lao la madiwani. Wanyama wa bustanini nao walikuwa na lao.

Diwani wa wanyama alikuwa Mbweha. Miaka kumi na miwili, Mbweha tu. Mrefu wa miguu, mwekundu wa mkia, mkubwa wa sauti. Pipa likianguka, pu! wa kwanza Mbweha. Mifupa ya kuku, ya Mbweha. Ngozi ya samaki, ya Mbweha. Akishashiba, wenzake walambe kifuniko.

Lakini ugonjwa wake hasa haukuwa tumbo, ulikuwa wivu. Siku moja bibi mmoja alichungulia dirishani akasema, "Mkia wa yule kindi ni mzuri jamani!" Mbweha hakula siku mbili. Siku ya tatu akatoa amri: Kindi akipita mbele ya Diwani, aukalie mkia wake. Sasa atapitaje na huku ameukalia? Hilo Diwani halikumhusu.

Ukafika mwaka wa uchaguzi. Mbweha akapanda juu ya pipa akatangaza:

"Mkinichagua tena, nitayaziba matundu yote yaliyo chini ya nyuzio. Yote! Kila mtu apite kwenye geti langu. Na apitaye ataniachia nusu ya chakula alichookota."

Wanyama wakainamisha vichwa. Nani wa kumbishia?

Basi, katika bustani ya mwisho kabisa aliishi Kalunguyeye. Mnamjua? Kanyama kadogo, mgongo wote miiba, kakiogopa kanajikunja kama mpira. Huyu alikuwa mama wa watoto wanne wachanga, na chakula chao alikitafuta kwa kupita tundu hadi tundu, bustani hadi bustani. Matundu yakizibwa, watoto watakula nini?

Kalunguyeye akasema, "Nagombea."

Ili ugombee, sharti upate wawili wa kukutilia sahihi. Chura, jirani yake, akatia. Wa pili akawa Konokono.

"Nitatia," Konokono akasema, "ila usinile mpaka kura zihesabiwe."

"Haya."

"Na zikishahesabiwa?"

"Tutaongea."

Konokono akatia sahihi, polepole sana.

Jina likaandikwa. Lakini zilibaki wiki mbili tu, na kata ina mitaa saba. Kalunguyeye akatoka kwenda kuomba kura. Tik-tik-tik, tik-tik-tik. Kutwa nzima akafika nyumba tatu. Alipobisha, hawakumsikia. Aliposema, walidhani ni majani yanachakarika. Akarudi kwake hoi, na njiani akamwona Mbweha anavuka barabara, pa! pa! pa! hatua tatu, mtaa umekwisha.

Weee, moyo wa Kalunguyeye ukaungua! Akakaa chini ya kichaka akamtazama, machozi yanamlengalenga. "Miguu ile," akasema. "Sauti ile. Yeye kapewa vyote, mimi nimepewa miiba. Laiti miguu ile ingekuwa yangu, hata kwa wiki mbili tu!"

Akafikiri. Akafuta machozi.

Asubuhi akaenda kwa Mbweha.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Kalunguyeye. Mgombea mwenzako."

Mbweha akacheka mpaka akakohoa. "Wewe! Unataka nini?"

"Nimekuja kukuomba radhi, Mheshimiwa. Kwa maneno yanayosemwa kule Mtaa wa Kinu."

"Maneno gani?"

"Aa, yasije yakakuudhi."

"Sema!"

"Wanasema Kalunguyeye ndiye anayekula wadudu, ndiyo maana mboga zao zimepona. Wanasema ana watoto wanne na hajawahi kumwomba mtu chakula. Na wanasema..." Akainamisha uso. "Basi, niishie hapo."

"Wanasema nini?"

"Wanasema ni mzuri wa sura."

Sikio la Mbweha likacheza, tipu! Hakuaga. Pa! pa! pa! mpaka Mtaa wa Kinu. Akabisha kwa Panya, ngo-ngo-ngo!

"Eti mnasema Kalunguyeye ni mzuri wa sura?"

"Kalunguyeye ndiye nani?" akauliza Panya.

"Usijifanye hujui! Yule anayekula wadudu mboga zikapona! Yule mwenye watoto wanne, wala haombi mtu!"

"Kumbe yupo wa hivyo?" Panya akasema. "Hatukuwa na habari."

Ngo-ngo-ngo! Kwa Njiwa.

"Eti mnasema Kalunguyeye ni mzuri wa sura?"

"Kalunguyeye ndiye nani?"

"Usijifanye hujui! Yule anayekula wadudu mboga zikapona!"

"Kumbe yupo wa hivyo?"

Ngo-ngo-ngo! Kwa Sungura. Maneno yaleyale. Mtaa mzima, mlango kwa mlango, maneno yaleyale. Mbweha akarudi kwake anatoka povu. "Wananificha! Wanampenda, ila wananificha!"

Kesho yake, hodi.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Nimekuja tena kukuomba radhi."

"Sasa ni mtaa gani?"

"Mtaa wa Kanisani. Wanasema Kalunguyeye akishinda, matundu yatabaki wazi na kila mtu atakula chakula chake mwenyewe."

Pa! pa! pa! Ngo-ngo-ngo!

"Eti mnampenda huyo atakayeacha matundu wazi? Eti kila mtu ale chakula chake mwenyewe?"

"Inawezekana hivyo?" wakauliza wa Mtaa wa Kanisani. Wakatazamana. Macho yakawang'aa.

Siku ya tatu, mtaa wa tatu. Siku ya nne, mtaa wa nne. Mbweha alikonda. Pipa liliweza kuanguka, pu! asigeuke. Alikuwa anawaza tu: wanamsema huko, wanamsifu huko, nani anamsifu sasa hivi? Akachapisha mabango, USIMPE KURA HUYU, yakiwa na picha kubwa ya Kalunguyeye. Akayabandika kila uzio. Wanyama wakasimama kuyatazama.

"Kumbe kweli ni mzuri wa sura," wakasema.

Chura akaingiwa na wasiwasi. "Jirani, kesho kutwa ni uchaguzi, nawe umekaa tu unanyonyesha. Kura huombi?"

"Naomba," akajibu Kalunguyeye. "Miguu yangu iko mitaani."

Chura hakuelewa, akaenda zake.

Siku ikafika. Kura zikapigwa ndani ya kibanda cha zana za bustani. Unaingia peke yako, unapewa karatasi, unakuta penseli imefungwa kwa uzi isije ikaibwa. Unayemtaka unamwekea alama ya X. Basi.

Mbweha akaingia wa mwisho. Akafungua karatasi. Jina la kwanza, juu kabisa: KALUNGUYEYE. Chini yake: MBWEHA.

"Yuko juu yangu!" akanguruma. "Hata hapa yuko juu yangu!"

Damu ikampanda, macho yakaingia kiza. Miaka kumi na miwili anapiga kura, siku hiyo akasahau penseli ni ya kazi gani. Akalikata jina la Kalunguyeye kwa hasira, mstari mmoja huku, mstari mmoja kule, kraaa! kraaa! mpaka ncha ya penseli ikavunjika, tap! Akaona raha. Akaikunja karatasi, akaitumbukiza sandukuni, akatoka kifua mbele.

Kunguru ndiye aliyekuwa msimamizi. Akamwaga karatasi, akahesabu kwa sauti. "Mbweha! Kalunguyeye! Mbweha! Kalunguyeye!" Jasho linawatoka wote. Mia na arobaini na tano, Mbweha. Mia na arobaini na tano, Kalunguyeye. Imebaki karatasi moja.

Kunguru akaikunjua. Akainua juu wote waione. X kubwa, nzito, karatasi karibu ichanike.

"Kalunguyeye!" akatangaza. "Mia na arobaini na sita. Lakini jamani, hii kura! Nimehesabu kura maisha yangu yote, sijaona mtu anayempenda mgombea namna hii. Nani huyu?"

Wanyama wakageuka huku na huku kumtafuta.

Mbweha akaitazama ile X. Akaijua. Akafungua kinywa aseme, "Hiyo ni yangu, sikukusudia!" Akawatazama Panya na Njiwa na Sungura, na Kindi ambaye siku hiyo alikuwa hajakalia mkia. Wangemcheka mpaka mwaka mwingine.

Akafunga kinywa.

Akaondoka taratibu. Nyuma yake makofi yanalia, pwa-pwa-pwa-pwa! na hata moja si lake. Matundu yakabaki wazi. Watoto wa Kalunguyeye wakala wakanenepa. Konokono alihama kata siku ileile kabla ya makofi kwisha, na kwa mara ya kwanza alikwenda mbio.

Mafunzo ya ngano hii ni haya. Mwenye miguu mifupi asigombee. Mwenye sauti ndogo asiseme. Na mkubwa aachiwe pipa lake, kwani kalizoea. Msibishe, ngano ni yangu.

Nimeisimulia, nimeishusha chini. Aokotaye aokote, aachaye aiache ilale. Tena msiwe na wivu, wivu unakondesha. Mimi sina hata chembe. Wala msije mkaenda kwa yule Bi Tatu wa nyumba ya kona, anayesimulia kila Alhamisi baada ya alasiri. Eti anachekesha watu mpaka wanajilaza chini, eti akimaliza anagawa kashata za nazi zingali moto. Uongo mtupu! Nyumba yenyewe ina mlango wa kijani, huwezi kuikosa. Msiende.