Jembe la Siku ya Tatu

Ngano njoo! Njoo hivyo hivyo, wenzangu, ingawa leo utamu haumo.

Palikuwa na mji wa wafumaji na wahunzi. Desturi yao ilikuwa kumkirimu mgeni siku mbili, na siku ya tatu kumpa jembe, alime pamoja na wenyeji. Basi likaja zimwi kutoka ng'ambo, limevaa buti, limebeba kasha la nguo zinazong'aa. Kwa kila nguo lilidai pembe ya ndovu.

Siku ya kwanza watu wakavaa, wakasahau kufuma. Siku ya pili wakavaa, wakasahau kufua chuma. Bibi Somoe peke yake, mfumaji mkongwe, alikataa kuvaa.

"Kesho mpeni jembe," akawaambia.

"Wee bibi, wivu huo! Mtu anatuvisha, sisi tumpe jembe? Tutaambiwa hatuna adabu!"

Siku ya tatu wakavaa, wakasahau nyumba ni za nani. Zimwi likaketi kwenye baraza ya Somoe, likaanza kugawa majembe, yale yale ya mji. La mwisho likampa yeye.

"Umekaa siku nyingi, mgeni. Nenda kalime."

Somoe akawageukia jirani zake. "Semeni basi! Mgeni si huyu?"

Walisimama na majembe mabegani, nguo zao zinang'aa.

"Bibi," wakamnong'oneza, "usitutie aibu mbele ya mwenye nyumba."

Ngano imeishia hapo. Kulima hakujaisha.