Kaburi Lililochipua

Kuzika mgomba si kuzika mtu. Leo mmenisikia nikimwambia hivyo baba yenu mdogo, alipotaka kugawa kibanja cha migomba cha kaka yake aliyekwenda machimboni na hajaleta habari, nanyi mkacheka mkidhani bibi yenu ameanza kuweweseka. Mtu azike mgomba kwa nini? Basi kaeni, na wewe uliyesimama mlangoni ingia ndani, unaniletea baridi. Methali hii ilianza hivi.

Zamani za vita vya wazungu kwa wazungu, vita ambavyo watu wetu hawakuvianzisha wala hawakuambiwa chanzo chake, palikuwa na msichana hapa Nyarwamba aitwaye Kokuhirwa. Alikuwa mchumba wa Kaijage, kijana wa kibanja cha jirani. Walikua pamoja, wakapendana mapema, na wazazi waliona wakanyamaza, jambo ambalo kwa wazazi wa siku zile lilikuwa sawa na kupiga vigelegele. Pombe ya posa ilikuwa imekwisha kunywewa. Kilichobaki ni kumpeleka bibi harusi tu, ndipo askari walipokuja kukamata vijana wa kuwabebea mizigo. Kaijage akafungwa kamba kiunoni pamoja na wenzake, akaondoka bila hata kupewa nafasi ya kuaga.

Aliyerudi wa kwanza alikuwa Rwegasira, mpagazi mwenzake, amekonda, macho yameingia ndani. Mkononi alikuwa na mkeka wa Kaijage. Alisema walimwacha porini kando ya njia, homa imemzidi, hajui hata nani anamwita.

"Ulipomwacha alikuwa anapumua?" Kokuhirwa aliuliza.

Rwegasira akamwekea mkeka miguuni.

"Nakuuliza, alikuwa anapumua?"

"Asingefika jioni," Rwegasira akajibu.

Kwa wazee hilo lilitosha. Desturi yao ilikuwa hivi: mtu akifia mbali na mwili usipatikane, huzikwa mgomba badala yake, ili roho yake isitangetange. Mgomba hutoka katika kibanja chake mwenyewe, na anayeukata ni mkewe au mchumba wake. Sharti ni moja. Aukate juu ya tunguu, lile shina lililo udongoni, kisibaki hata kipande chake kwenye mgomba wa kuzikwa, kwa sababu mgomba wenye tunguu huchipua, na mgomba wa kaburini ukichipua, mfu wake hatulii. Hutoka.

Kokuhirwa aliingia peke yake katika kibanja cha Kaijage asubuhi ya ukungu, panga mkononi. Aliuchagua mgomba mchanga, akainua panga, mkono ukagoma. Kuukata mgomba ule ilikuwa sawa na kusema kwa mkono wake mwenyewe kwamba Kaijage amekufa, naye hakuwa tayari kusema hivyo kwa kinywa wala kwa mkono. Basi akachimba. Akaung'oa na tunguu lake lote, akaufunika kwa nguo ya magome ya miti, akafunga kamba juu hadi chini kama wanavyofungwa maiti. Wazee wakauzika bila kuufungua. Juu ya kaburi wakaweka kibuyu cha Kaijage cha kunywea, chenye alama alizochonga mwenyewe, na mama yake akalia mpaka sauti ikamkauka. Kokuhirwa naye alilia, lakini siri yake hakumwambia mtu.

Kabla matanga hayajaanuliwa, vita vikapanda mlima mpaka kijijini. Watu wa Nyarwamba walibeba walichoweza, wakavuka mabwawa ya mafunjo, wakaenda kuomba ardhi kwa wageni kusini. Kule walijenga vibanda, wakala viazi vya kupewa, wakajifunza kusalimu kwa lugha ya wenyeji. Wakimbizi hawana makuu.

Siku zikaenda mpaka wenyeji wakawazoea. Mgane mmoja wa huko akamtaka Kokuhirwa, na baba yake akamwita.

"Mwanangu, nakuonea huruma. Lakini wafu hawaoi."

"Ndiyo, baba," alisema Kokuhirwa. Angesema nini tena? Harusi ikapangwa.

Pombe ya harusi ilikuwa ingali inachacha pale wanaume waliokwenda Nyarwamba kuchukua machipukizi ya migomba waliporudi mikono mitupu, wanahema. Rwegasira alikuwa miongoni mwao.

"Kaburi la Kaijage limechipua," alisema, na meno yalikuwa yakigongana mchana kweupe. "Mgomba umesimama pale pale kifuani pa kaburi, mnene, na mkungu juu. Na mwenyewe yuko pembeni yake."

"Nani?"

"Kaijage. Alituita kwa majina. Mimi aliniita jina langu la utotoni."

"Mkaitika?" aliuliza mama yake Kaijage.

"Nani amwitikie mfu, mama?"

Watu wote walishika vinywa. Ila Kokuhirwa peke yake alijua kwa nini kaburi limechipua. Kama wazee walisema kweli, yeye ndiye aliyemnyima mpenzi wake usingizi wa wafu, akamwacha anaita watu wasioitika katika kijiji kisicho na moto. Hakula. Kila ukungu uliposhuka alisikia jina lake likitajwa nyuma ya nyumba, akitoka hakuti mtu, majani ya viazi tu yakidondosha maji. Alitamani aseme siri yake na aliogopa kuisema.

Mwishowe akamfuata Rwegasira.

"Mlipomwona, alikuwa akifanya nini?"

"Kokuhirwa, niache."

"Mikono yake ilikuwa inafanya nini?"

Rwegasira akafikiri. "Alikuwa akiuegemeza mgomba. Alikata panda ya mti, akauwekea usianguke."

Mmekulia migombani, mnajua. Mgomba haukatiwi panda kwa sababu ya uzuri wake. Mtu huukatia panda mkungu unapoulemea, naye hataki ndizi zianguke kabla hazijakomaa.

"Mzimu una shida gani na ndizi?" alisema, na hakungoja jibu. Akapiga moyo konde, akaondoka akiwa na panga na kibuyu cha maji. Harusi aliiacha ichache yenyewe.

Alifika Nyarwamba mchana, lakini ukungu ulikuwa mzito hata mchana haukuwa na maana. Mapaa yalikuwa yameanguka. Majani yameota katikati ya mafiga. Kwenye uwanja mmoja mchi ulikuwa bado umesimama ndani ya kinu kama mwanamke aliyekuwa akitwanga ameingia ndani mara moja kuchukua ungo. Hapakuwa na jogoo, mbwa wala mtoto. Nusu ya moyo wake ikamwambia arudi.

Ndipo akasikia mtu anakohoa.

Kaijage alikuwa ameketi kando ya kaburi, kibuyu chake kimewekwa pale pale walipokiacha wazee. Alikuwa mifupa mitupu, rangi yake ya majivu. Alipomwona Kokuhirwa alisogea nyuma.

"Usinikaribie," alisema. "Mimi nimezikwa."

"Nani kakwambia?"

"Kaburi langu ni hili. Kibuyu changu ni hiki. Nimewaita watu wa kwetu kwa majina, wamenikimbia. Kokuhirwa, niliposhikwa na homa kule porini nilisikia udongo ukinidondokea kifuani, mzito, sipumui. Halafu chini yangu kitu kikaanza kusukuma kwenda juu, pole pole, kila siku, mpaka kikaniinua. Nilipofumbua macho maji yalikuwa pembeni yangu na sikumwona aliyeyaweka. Nikatembea mpaka hapa. Nikakuta nimekwisha kuzikwa."

Kokuhirwa aliutazama mgomba, akakumbuka tunguu alilolifunga kwa mikono yake, na kwa kitambo hakujua anaongea na nani. Lakini aliona panda, imechongwa vizuri, imekaa sawasawa chini ya shingo ya mkungu.

"Panda hii umeiweka ya nini?"

"Sijui. Mikono imezoea."

"Mikono ya mfu haizoei kitu. Mbona ndizi hujazila?"

"Nani ale ndizi za kaburi lake?"

"Wewe!" Kokuhirwa alipaza sauti, machozi yakimtiririka. "Sikiliza, Kaijage. Hapo chini hapana mtu. Niliambiwa nikuzike, nikakataa. Nilikata shauri nikauzika mgomba na tunguu lake, uzima wake wote, kwa sababu nilikupenda na sikuamini. Walichokizika ni mgomba. Kuzika mgomba si kuzika mtu!"

Akainua panga, akaukata mkungu. Akakoka moto, akazichoma ndizi, akaimenya moja akaila mbele yake ili kama kuna laana impate yeye kwanza. Ya pili akampa. Kaijage aliishika, akaitazama muda mrefu, akaiingiza mdomoni yote.

"Yalaa!" akaruka, akaitemea mkononi. "Inaunguza!"

Kokuhirwa akacheka mpaka akaketi chini. Kisha akalia, na Kaijage akalia, kwa maana hapajapata kuwa na mfu aliyeungua ulimi.

Walirudi pamoja kusini. Mama yake Kaijage aliitika alipoitwa mara ya kwanza, akatoka mbio akamkumbatia. Wengine walifunga milango. Mgane alichukua zawadi zake kimya kimya, hataki maneno na mke wa mzimu. Na Rwegasira, mpaka alipokufa akiwa mzee, hakumwitikia Kaijage hata siku moja. Mimi nasema hakuwa akimwogopa mfu. Alikuwa akimwogopa aliye hai.

Basi wale wawili wakarudi Nyarwamba na yule mama, wakaishi. Machipukizi ya mgomba ule waliyahamisha, wakapanda kibanja kizima, wakazaa, na watoto wao wakazaa. Kokuhirwa ndiye aliyenilea mimi. Ndizi mlizokula mchana huu, mkagombania sufuria, ni za mgomba ule. Naona sasa hakuna anayecheka.

Nendeni kwa baba yenu mdogo. Mwambieni vigingi alivyopigilia kwenye kibanja cha kaka yake aving'oe, na njia ya kuingilia aifagie. Akiuliza nani kasema, mwambieni ni bibi, na bibi aliambiwa na aliyeshika panga. Kuzika mgomba si kuzika mtu.