Daftari la Walioacha Kukohoa

Palikuwa na sultani mwenye shamba la mapera kubwa kuliko mji wake. Mapera yakaanza kumwozea. Akaamuru yaanikwe, yasagwe, na mpiga mbiu atangaze: unga huu una vitamini C, unaponya kila kifua. Kisha tarehe mbili Shaabani, saa tatu asubuhi, ikatoka amri: kila nyumba iliyokunywa unga itie dole katika daftari la waliopona. Atakayekataa, ahame mji.

Bi Mize, mpika vitumbua, alikuwa ametoka eda juzi tu. Akaitwa barazani.

"Mumeo Ngwali alikunywa unga wetu?" sultani akauliza.

"Alikunywa, Maulana. Vijiko vitatu kila siku, siku tisa."

"Kabla ya hapo alikuwa akikohoa?"

"Mpaka majirani wakimpa pole kupitia ukutani."

"Sasa yuko wapi?"

"Kaburini, Maulana."

"Huko anakohoa?"

"Sijamsikia."

"Karani, andika: ameacha kukohoa!"

"Lakini amekufa, Maulana."

"Daftari hili halina mahali pa kufa. Tia dole."

Bi Mize akautazama ule wino. Nyumba ile ndiyo pekee aliyoachiwa na Ngwali. Akihama, atahamia wapi?

"Niulize kidogo, Maulana. Jirani yangu Bi Mgeni alikuwa na mafua. Hakuugusa unga, alikunywa uji tu, akapona. Yeye mmemwandika wapi?"

"Humu humu. Nyumba yake iko karibu na shamba. Alivuta harufu ya mapera."

"Na walio mbali wakapona?"

"Upepo uliwafikia."

"Ahaa. Kwa hiyo aliyekunywa amepona, asiyekunywa amepona, na aliyekufa amepona."

"Umeona sasa nguvu ya dawa!" Sultani akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akakohoa mpaka kilemba kikamwinamia.

"Pole, Maulana. Na wewe waunywa?"

"Mimi nina tabibu wangu. Tia dole, mama!"

Bi Mize akachovya kidole, akakibandika katika daftari. Halafu akainua mikono juu. Palipo na dua hakuna mkubwa: baraza zima likainua mikono, na sultani naye.

"Ewe Mola," akasema taratibu, "mrehemu mume wangu Ngwali, mghufirie, umpanulie kaburi lake. Na bwana wetu huyu anayekohoa, mponye leo hii, apone vilevile kama daftari lake lilivyoandika kwamba Ngwali amepona. Haya jamani, semeni amina!"