Kigoda cha Mwalimu wa Chembe

Hapo zamani mimi nilikuwepo, tena nimeketi mbele kabisa, na anayebisha alete shahidi wake. Mji wetu ulikuwa na kigoda kimoja cha elimu. Aliyekikalia akikosolewa kwa ushahidi, alishuka na kuhama mji, na aliyemkosoa akapanda.

Alikikalia Mwalimu Shekue, mzee wa magoti mabovu. Alifundisha hivi: "Kila kitu kimejengwa kwa chembe ndogo zisizoonekana. Chembe ni ngumu kama gololi. Haigawanyiki, haibadiliki, haitoi kitu."

Bi Mwanakheri alitia vitambaa rangi inayoiva juani. Mvua zikamshinda. Akakunja kitambaa, akakifungia sandukuni, akakigandamiza kwa jiwe jeusi alilopewa zawadi na Mwalimu mwenyewe. Siku ya tano akafungua. Lahaula! Umbo la jiwe limejichora kitambaani, na jua halijaingia.

"Mwalimu, jiwe lako linatema," akaenda kumwambia.

"Linatema nini, mwanangu? Chembe ina mate?"

Bi Mwanakheri akalipeleka kwa Fundi Bwanadi, sonara aliyefua dhahabu ikawa nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Fundi akalitia jiwe kwenye kikombe kizito cha risasi kisichopitisha kitu ila mdomoni, mdomo ukaelekea dhahabu, kitambaa akakitundika nyuma ya dhahabu. Kikajaa madoa. Yaliyotemwa yamepenya!

"Kumbe chembe ni uwazi mtupu," akasema Fundi.

"Tundika kingine upande huu wa jiwe," akasema Bi Mwanakheri.

"Dada yangu, umewahi kutupia utando wa buibui kokoto ikakurudia?"

"Tundika, mvivu we!"

Akatundika huku anacheka. Kicheko kikamkauka: madoa mawili, matatu. Yamegonga kitu, yamerudi! Ndani ya ule uwazi mna kiini, kidogo na kigumu.

Mji ukakusanyika.

"Kiini kimeonekana kwa dhahabu yangu na mikono yangu," akasema Fundi. "Kigoda changu."

"Na kitambaa cha pili ulikiota?" akadakia Bi Mwanakheri. "Nani aliyeona kwanza kwamba jiwe linatema?"

Mwalimu hakushuka. Virago vyake vilikuwa vimeshafungwa. "Nilikosea kilichomo ndani ya chembe, sikukosea kwamba ipo. Kabla yangu mlisema udongo ni udongo, mkaenda kulala. Mngetafuta kiini cha nini, wanangu?"

Wote wakanigeukia mimi, kama kawaida yao.

Sitawaficha: yale magoti mabovu nimeyatia mimi, mpate kumwonea mzee huruma. Alikuwa anatembea vizuri tu. Haya, mwondoleeni huruma hiyo, kisha mniambie: kigoda kilikuwa haki ya nani?