Doti ya Kwanza ya Bwana Faki

Hapo zamani, mji wetu ulipokuwa na duka moja tu la kanga, Bwana Faki alileta toleo jipya kila mwaka. Wanawake walinunua doti mbili: moja ya kuvaa, moja ya kuweka sandukuni ije kurithiwa na binti.

Mwaka mmoja rangi ikaanza kuchuja. Binti wa Bi Sichana alitoka jasho siku ya harusi yake, rangi nyekundu ya kanga ikamshuka shingoni mpaka kifuani mbele ya wageni. Akalia. Mama yake akaichukua ile kanga, akaenda nayo dukani.

Bwana Faki akamjibu, "Bibi, kanga ya kuweka hailoweshwi."

Jumatatu iliyofuata Bi Sichana akarudi. Na iliyofuata. Kila mara alieleza kasoro zile zile: rangi inachuja, pindo limekwenda upande, kitambaa chepesi. Akifukuzwa, alisemea mlangoni.

Jirani yake, Bi Zuhura, akachoka kumtazama. "Shoga, huyu hasikii maneno. Tumwachie kanga zake."

Akapita nyumba kwa nyumba, wanawake wakaapa kutonunua. Yeye mwenyewe alikuwa na kila toleo tangu enzi za bibi yake. Toleo la mwaka ule wa mgomo likampita hivi hivi, na pengo lile sandukuni halikuzibika tena.

Bi Sichana hakuapa. Alinunua doti moja, akaifua hadharani, akampelekea Bwana Faki maji mekundu kwenye beseni. Wanawake wakamwita msaliti. Hakuacha.

Miezi minane marobota yakashika vumbi. Bwana Faki akasalimu amri, akawauliza wagomaji wanataka nini. Wakasema kanga nzuri. Nzuri vipi? Ikabidi aitwe Bi Sichana, naye akazitaja kasoro tatu, moja moja.

Toleo lililofuata lilifuliwa mara kumi, halikuchuja. Bwana Faki akatoa doti ya kwanza iwe zawadi ya aliyeirekebisha kanga.

"Ni yangu," akasema Bi Sichana. "Mlinyamaza, mimi nikasema. Angetengeneza nini asichokijua?"

"Ni yangu," akasema Bi Zuhura. "Ulisema mwaka mzima, akakucheka. Alikusikia siku tulipoacha kununua."

Doti ilikuwa moja, na hakuna aliyekubali ikatwe.

Haya, nyinyi mlionisikiliza: ingekuwa mikononi mwenu, mngemkabidhi nani?